Miberoshi Sita ya Mlandizi

Mlandizi, 11 Novemba 2023

Mwanangu Winifred,

Hujambo wewe, na mumeo Gatera hajambo? Mimi nipo. Goti la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, ila mwaka huu limekosea mara mbili. Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa pacha, na tayari wamekula ua la jirani, kwa hiyo nimeanza tena kuomba radhi kila asubuhi. Joto limetuwahi. Kaskazi haijaanza sawasawa, nami nalala sakafuni kwenye saruji kama paka.

Umeshazoea barua zangu, najua unazicheka. Kwenye simu watu wanapiga kelele, halafu wakikata hujui wamesema nini. Baba Mkubwa wako alikuwa akisema neno zito huandikwa, na mimi niliolewa na mwalimu, nitafanyaje.

Sasa miezi minne imepita tangu tumzike nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Kuhusu wewe kutokuja, sikuulizi.

Nina ombi. Unakumbuka hadithi yake ya miberoshi? Ile safu ya shule aliyosoma kwao Ruhango, ya kijani mwaka mzima, ambayo walimu waliwakimbiza watoto kuizunguka wakichelewa. Alitoka Rwanda ana miaka kumi na tisa na kila mwaka alisema mwakani tunarudi. Wiki ile ya mwisho aliniambia, "Mnizike chini ya mti wa kijani." Alimaanisha kule. Sikuweza kumpeleka. Njia ni ndefu na mwili hausubiri. Neno lake hilo linaniuma mpaka leo.

Basi kama yeye hakuifikia miberoshi, miberoshi imfikie yeye. Wewe ndiye mwenye kitalu cha miche, mimi nimwombe nani mwingine? Tarehe 8 Julai mwakani ndugu watakuja kwenye kumbukumbu ya mwaka na kusimika msalaba. Nataka siku hiyo wakute kijani pale, si mchanga na vijiti vya mihogo.

Nduwayo, dereva wetu wa lori, anapita Jumanne. Nampa barua hii.

Mama Mkubwa wako,
Nyirarukundo

*

Niboye, Kigali, 2 Desemba 2023

Mama Mkubwa, shikamoo.

Sisi ni wazima, tunashukuru. Mvua imetukalia wiki tatu na pikipiki zote za abiria zinapita na matope mpaka kwenye kofia za abiria wenyewe. Kitalu kimejaa. Watu wanajenga huku Kicukiro kama wamechanjwa ugonjwa wa kujenga, na kila anayemaliza nyumba anataka ua wa kijani kabla hata hajaweka mapazia.

Ombi lako limenifurahisha kuliko unavyodhani. Nimekuchagulia miberoshi sita, iliyonyooka kuliko yote niliyonayo. Nimeiotesha mwenyewe. Nimeichukulia na cheti cha afya ya mimea ili pale mpakani Rusumo wasimsumbue Nduwayo, naye amekubali kuiweka ndani, kwenye kile kitanda chake nyuma ya kiti. Anasema yeye atalala kwa kujikunja.

Chimba mashimo ya urefu wa mkono mpaka kiwiko, weka samadi ya wale mbuzi wahalifu, uache nafasi ya hatua tatu kati ya mti na mti. Mberoshi hauna matata. Huku kwetu tunauchomeka tu ardhini unakwenda wenyewe.

Nimekuwekea pia kitenge kutoka soko la Kimironko. Raihana, fundi wangu wa nguo, ameshakishona, ana vipimo vyako tangu ulipokuja kwenye harusi yangu. Kama umenenepa, usimlaumu.

Kuhusu maziko, Mama Mkubwa, kazi zilinibana. Unisamehe.

Mwanao,
Winifred Kabagwira

*

Mlandizi, 20 Januari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Gauni limenienea na nimevaa kanisani, watu wakaniuliza kama naolewa tena.

Miberoshi imefika. Nduwayo aliishusha kama anashusha mayai. Nilipounusa mmoja nikakaa chini, kwa sababu ulinuka kama koti la Baba Mkubwa wako la zamani, lile alilokuja nalo na hakuwahi kulivaa hapa kwa sababu ya joto. Nimeipanda yote, mitatu kila upande wa kaburi. Urakoze, mwana wanjye, asante mwanangu. Nimekushukuru mbele yake pia.

Kila jioni naenda na ndoo. Naimwagilia kuanzia utosini, polepole, kama mtu anavyomkogesha mgeni aliyetoka safari, huku namsimulia Baba Mkubwa mambo ya siku hiyo. Nani kafa, nani kaoa, mbuzi kala nini. Nimeiona faida yake, maana usingizi unakuja.

Inaendelea vizuri. Nauliza tu, kuuliza si ujinga: ni kawaida majani ya ndani kuwa na rangi ya chai?

Nyirarukundo

*

Niboye, 18 Februari 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Gatera anakusalimu sana, ana mafua. Mimi mzima.

Rangi ya chai imeninyima raha. Tafadhali niandikie ukweli. Majani makavu yako ndani tu, au yametoka nje? Yanaanzia chini au juu? Na maji, Mama Mkubwa, usiimwagie utosini, na isiwe jioni. Mwaga asubuhi, shinani tu. Majani yakilala na maji kwenye joto la huko, yanaota ukungu. Nilitakiwa kukwambia hilo tangu mwanzo, ila huku usiku una baridi na upepo unakausha kila kitu, sikuwaza.

Nijibu haraka.

Winifred

*

Mlandizi, 30 Machi 2024

Mwanangu Winifred,

Nduwayo alikwama Rusumo siku tisa, ndiyo maana barua yako imefika ikiwa imezeeka. Mpe pole Gatera, anywe tangawizi. Masika imeanza. Bomba limepasuka pale njia panda na sasa watoto wanalifanya bahari.

Nimesikia habari ya shinani. Kwa hiyo namsimulia Baba Mkubwa asubuhi, ingawa asubuhi sina la kusimulia, hakujatokea kitu bado. Namrudia habari za jana.

Miti ipo. Ukipata nafasi niongezee miwili hivi, ya kuziba mapengo tu.

Wewe unalala vizuri? Unakula?

Nyirarukundo

*

Niboye, 21 Aprili 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Leo sitakusalimu sana, nina hasira kidogo, utaniwia radhi. Nduwayo amepita kitalu jana kunywa chai. Nikamwuliza miti ya Mzee ikoje. Akatazama kikombe. Nikamwuliza tena. Akasema, "Dada, pale kuna vijiti sita vya kahawia, na mama anavimwagilia kila siku."

Sita. Yote. Na wewe unaniambia kuziba mapengo.

Mama Mkubwa, kwa nini ulinificha? Mficha maradhi, kifo humuumbua, wewe ndiye uliyenifundisha. Ningeletewa habari Januari, ningefanya kitu.

Lakini hasira yenyewe najua ni ya nani. Kosa ni langu. Mimi nauza miti kila siku na sikujiuliza swali la kwanza ambalo mteja yeyote namwuliza: unapanda wapi? Nilikutumia mti wa milima. Mberoshi unataka usiku wa baridi upumzike. Huko kwenu usiku ni mchana uliozimwa taa. Mizizi inapikwa, majani yanavuja jasho, ukungu unaingia. Hata usingemwagia utosini ungekufa, ungechelewa tu. Nilijigamba kwamba hauna matata. Ningekuwa karibu ungenivuta sikio.

Nimekwenda kwa Viateur, bwana misitu mstaafu aliyenifundisha kazi. Nilimwambia nataka mti wa jamii ya msonobari, wa kijani mwaka mzima, unaovumilia joto lenye unyevu. Alinicheka kwanza mpaka akakohoa. Halafu tukakaa kwenye benchi, tukaipitia mmoja mmoja. Misonobari ya milimani tuliyozoea kuiona huku, hapana, itakufa kama ndugu zake. Podo labda, lakini unakua kwa madaha, tutazeeka tunausubiri. Araukaria inastahimili joto vizuri, ni ile iliyopangwa kama ngazi, watu wanaipanda kwenye mahoteli. Nikamwona Baba Mkubwa amelala chini ya mti wa hoteli, nikakataa. Na kama jirani atakwambia upande mvinje, mwambie asante. Ni mti mzuri na una vitunda kama koni, lakini si wa ukoo huo, na Baba Mkubwa, Mwalimu Mugenzi mzima, asingekusamehe kumdanganya kwenye somo lake.

Viateur akasema upo mmoja tu wa kukupa bila wasiwasi. Ni msonobari uliotoka visiwa vya Karibea, umezaliwa kwenye joto na chumvi. Anasema ulipandwa sana huko Pwani, tangu zamani. Sindano zake ni ndefu kama kiganja na zaidi, mara nyingi zinatoka tatu tatu kwenye kifundo kimoja. Gome lina magamba mekundu mekundu. Uulizie huko huko, usitumiwe tena kutoka kwangu.

Ukiupata, tafuta chini yake mche uliojiotea wenyewe, usiozidi goti. Uchimbue sasa hivi wakati mvua zipo. Na hili ndilo kubwa, Mama Mkubwa: uuchimbue na udongo wa pale pale chini ya mama yake, mwingi, ujaze ndoo. Ndani ya udongo ule kuna uhai fulani unaoushika mzizi na kuulisha. Msonobari ukiupeleka mahali pageni bila udongo huo, unakaa tu, unageuka njano, haukui.

Zimebaki wiki kumi na moja kufika kumbukumbu. Usinifiche tena kitu.

Winifred

*

Mlandizi, 12 Mei 2024

Mwanangu mpenzi,

Nimesoma barua yako mara nne. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka, ya tatu nikalia. Ya nne nilikuwa natafuta tu pale ulipoandika kiganja.

Ngoja nikujibu kwanza kwa nini nilikuficha.

Siku ya maziko ya Baba Mkubwa wako, saa nne asubuhi, Gatera alinipigia. Alisema upo hospitali, mtoto amezaliwa wa miezi minane na hakupumua. Akaniomba nisikwambie kwamba najua, kwa sababu ulimkataza. Ulisema Mama Mkubwa leo ana jeneza lake, asiongezewe la pili. Nikamzika mume wangu nikijua. Nilirusha mchanga mara mbili, watu wakadhani nimechanganyikiwa.

Halafu miti yako ikaanza kufa. Ule wa kwanza ulikauka siku ya Mapinduzi, tarehe 12 Januari. Ningekaa mezani niandike vipi, Winifred? Nikwambie ulichokitunza kwa mikono yako na kunitumia kimefia kwangu? Sikuweza. Niliona bora nimwagilie vijiti. Ujinga, najua. Lakini mimi na wewe ni wajinga wa aina moja, kila mtu kamficha mwenzake ili asimwumize. Si ajabu, ni mimi niliyekulea.

Hayo yamekwisha. Unisamehe na mimi nimeshakusamehe, hata hakukuwa na kosa.

Sasa sikiliza. Kiganja, sindano tatu, magamba mekundu. Niliposoma nikaweka barua chini, nikavaa kandambili, nikaenda nyuma ya shule ya msingi. Unaikumbuka ile miti mirefu mitatu ambayo mlikuwa mnaokota makoni yake mnachezea duka? Nimeipita miaka thelathini na saba. Ni hiyo hiyo. Nilihesabu sindano na miwani, nikamwita na mwalimu wa zamu ahesabu. Tatu, tatu, tatu.

Na unajua nani aliipanda? Baba Mkubwa wako, na darasa lake la sita, mwaka 1987. Bwana misitu alimpa miche na yeye akaipeleka shuleni kwenye mkokoteni. Nilikuwepo, nilipika uji siku ile. Nimekaa miezi sita nakusumbua uniletee mti wa kijani kutoka ng'ambo ya mpaka, na wake mwenyewe unanitupia kivuli nikienda dukani. Kwa sababu ulikuwa wa hapa, sikuuhesabu.

Miche iliyojiotea ilikuwa miwili. Mmoja mbuzi aliuwahi, si wangu safari hii. Mmoja nimeuchimbua na udongo wa chini ya mama yake, ndoo mbili, mwalimu wa zamu kanibebea. Nimeuweka kichwani mwa kaburi. Una urefu wa mwiko.

Leo ni siku ya tisa. Ni wa kijani. Nikisema wa kijani namaanisha wa kijani, unaweza kumwuliza Nduwayo.

Mama Mkubwa wako

*

Niboye, 9 Juni 2024

Mama Mkubwa, shikamoo.

Nimeanza karatasi tatu.

Alikuwa wa kike. Tulimpa jina Akimana. Sijawahi kuliandika mahali popote, leo ndiyo mara ya kwanza. Gatera alipoona barua yako aliondoka akaenda kuosha pikipiki iliyokuwa safi. Baadaye alirudi akasema amefurahi umejua tangu siku ile, kwamba hatukuwa peke yetu.

Nilikwambia kazi zilinibana. Wewe ukaandika "sikuulizi." Nilidhani umenikasirikia, kumbe ulikuwa unanifunika shuka.

Nilifika kwako nina miaka sita, na mfuko wa nailoni na kaptula ya binamu yangu. Mama alikuwa ameshafariki. Najua sasa nilivyokuwa, nimeulizia: nilikuwa sisemi, silali, nakula udongo. Wewe hukunilazimisha. Ulinikalisha jikoni karibu na wewe mpaka nikaanza kusema mwenyewe. Nikikushukuru unasema ng'ombe haelemewi na nunduye, unageuza maneno. Safari hii usigeuze. Iko kwenye karatasi. Asante, Mama Mkubwa. Asante kwa kila siku ya miaka ile, na asante kwa mchanga ule wa mara ya pili.

Tarehe 6 Julai tunapanda basi, mimi na Gatera. Nibakizie kazi ya kumwagilia, asubuhi, shinani.

Mwanao

*

Mlandizi, 4 Agosti 2024

Wanangu Winifred na Gatera,

Natumai mgongo wa Gatera umepona baada ya safari ya basi. Nyumba imekuwa kubwa tangu muondoke. Mbuzi wamekutafuteni, hasa Gatera aliyekuwa akiwapa maganda ya ndizi kwa siri akidhani sioni.

Ndugu bado wanaizungumzia siku ile. Shemeji yangu alisema alidhani mti utakuwa mkubwa. Nikamwambia na yeye alizaliwa mdogo. Ule msalaba umesimama vizuri na mti umetoa kichipukizi kipya, rangi ya parachichi changa.

Mmesahau kitu kimoja. Makoni tuliyookota siku ile shuleni mliyaacha yaanikwe juu ya ungo, na sasa yamefunguka. Nimeyapukuta. Mengi yalikuwa matupu, lakini nimepata mbegu sitini na mbili zenye mabawa kama ya kumbikumbi. Nimezipeleka zikapate cheti chao, kila kitu kihalali, na nimezifunga kwenye bahasha hii. Udongo nasikia hauruhusiwi kuvuka. Utafute huko chini ya ndugu zake.

Alitamani kurudi. Fanya unavyoona.

Nyirarukundo

*

Niboye, 30 Machi 2025

Mama Mkubwa, shikamoo.

Huku wazima. Gatera amenenepa, Raihana ameanza kumshonea suruali mpya na kumsema.

Kati ya mbegu sitini na mbili ziliota tano. Viateur alisema nishukuru. Mbili zilikatwa na funza wiki ya pili, moja ilikauka nikiwa na malaria. Mbili zikabaki, nikazipa udongo wa chini ya misonobari ya huku, zikaukubali. Sikukuandikia mapema. Si kukuficha, nilitaka kwanza kuwa na la kusema.

Mmoja nimeupanda hapa Niboye, mbele ya dirisha la chumba ambacho tulikuwa tumekiandaa. Huo ni wa Akimana.

Wa pili niliupeleka Ruhango jana, kwa sababu ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi na watu wote walikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakipanda miti. Niliitafuta shule yake, nikaipata. Mama Mkubwa, miberoshi haipo. Hakuna hata kisiki. Mzee mmoja aliniambia ilikatwa zamani sana, yeye akiwa kijana, mbao zikajengea madarasa. Baba Mkubwa alikuwa akiililia miaka yote hiyo na haikuwepo.

Nilisimama pale ilipokuwa safu, nikachimba shimo la urefu wa mkono mpaka kiwiko, nikaupanda. Watu wa umuganda walinisaidia kumwaga maji. Mwalimu mkuu, mama mmoja anaitwa Nshimiyimana, alikuwa na daftari la kuandika kila mti na nani kauleta. Nikamwambia aandike Mugenzi. Akauliza anatoka wapi huyo Mugenzi. Nikamwambia ni wa hapa hapa, alisoma shule hii.

Kesho asubuhi ukienda na ndoo, umwage shinani, halafu umsimulie hii. Sasa unayo habari ya asubuhi. Mwambie amefika.

Mwanao,
Winifred